Dada mwenye kaye

Kila tarehe 3 mwezi wa 10 inaporudi, siye watu wa machimbo tunaoishi Keshero tunapita Kituku na moyo mzito. Ni pale, Alhamisi tarehe 3 Oktoba 2024 asubui, bwato Merdi ilipinduka ikitoka Minova, karibu kabisa na kufika. Watu wenye walikuja kupokea jamaa zao waliona vile ilizama.

Mule ndani mulikuwa dada yetu. Jina lake hatuliandike hapa, kwa sababu mama yake hajakubali. Maiti haikuonekana, na mama anasema mtu asiye na kaburi haitwe marehemu mu gazeti. Tunaheshimu neno lake. Tutasema Dada, sawa vile tulimuitaka.

Dada hakushuka mu shimo hata siku moja. Miaka mingi alipika bugali na sombe ku mlango wa chimbo moja ya Masisi. Asubui mapema kreza anaingia bila feza, anakula kwa deni, na Dada anaandika mu kaye: jina, sahani, siku. Tulimuchekaka, tukasema Dada anaandika hata mwenye kunywa maji. Yeye alijibu: «Shimo haina kumbukumbu, mimi niko nayo.»

Mwaka moja, mu mvua, mlima ulianguka. Mkubwa wa shimo akasema watu saba ndio wako chini. Dada akaleta kaye yake: asubui ile walikula watu tisa, na hakuna mwenye alirudisha sahani. Tukaendelea kuchimba siku mbili, tukapata wale wawili. Familia zao zilizika watu wao, watoto wakajua kaburi ya baba iko wapi. Tangu siku ile, siye wa sendika tukasema kila shimo iwe na kaye yake. Hatukuzaliwa na ile mawazo. Ilitoka ku marmite ya Dada.

Vita ilipomutosha kule, alikuja Keshero na watoto watatu. Alianza kununua mihogo na maharagi ku Minova na kuuzisha Kituku. Mbele, watu walipita na gari kwa njia ya Sake. Kuanzia mwezi wa 2 mwaka 2024 mapigano yakafunga ile njia, na kila mtu, na kila muzigo, vikaingia mu ziwa. Bwato zikajaa kupita kiasi. Wamama wa biashara walijua hatari, lakini watoto wanapashwa kula.

Kiisha ajali, gouverneur wa Sud-Kivu, Jean-Jacques Purusi, alisema watu 278 walikuwa mu bwato na 78 wamekufa. Hapa Goma viongozi walihesabu maiti chache zaidi. Tofauti kati ya hesabu mbili si namba tu. Ni wamama, ni watoto, na kati yao ni Dada yetu. Mwenye aliandika majina ya wengine miaka yote, wakati alipopanda bwato, nani aliandika lake?

Na haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa 4 mwaka 2019 bwato ingine ilizama mu ziwa hili hili la Kivu, ku upande wa Kalehe, na watu zaidi ya mia walipotea. Wakati ule tuliambiwa kila msafiri avae jile. Maneno yalikuwa mazuri. Lakini neno lenye halifuatwe halizuie mtu kuzama.

Familia ya Dada ingali inateseka. Bila maiti, karatasi ya kifo ni shida. Matanga haikufungwa. Wamama wa likelemba yake ndio walisimama: zamu yake ilipofika, walipeleka feza yote kwa watoto, bila kukata hata kidogo. Wachimbaji, tujifunze kwa wale wamama.

Tunachoomba si kitu kikubwa. Ku kila kivuko, kabla bwato haijatoka, majina yaandikwe, na kopi moja ibaki inchi kavu. Ku kila shimo, vile vile. Kaye na bike ni feza kidogo sana. Wamama na wababa wa Keshero, mkipanda, muulize: «Jina langu liko wapi?» Kama hakuna mwenye kuandika, muandike wenyewe na muachie jirani.

Siku ile Dada aliacha kaye yake ku nyumba, na mama yake angali nayo. Madeni mengi hayajafutwa, na wenye madeni tunajuana. Mwenye anaweza kulipa, apeleke kwa mama, hata kidogo kidogo. Watoto watatu wanasoma.