Si Patupu



Usiku wa Desemba usio na mwezi, mtu akisimama kando ya Mto Tana hapa Golbanti ataiona Kilimia, na utepe mweupe unaokatiza mbingu. Kilimia, inayotajwa katika Ayubu 38:31, ni kundi la nyota zipatazo 1,000, ingawa macho huona sita au saba tu. Ule utepe ni galaksi yetu, yenye nyota zaidi ya bilioni 100 zinazoshikamana kwa kuvutana. Jua letu ni moja kati ya hizo. Nazo galaksi hukaa kwa makundi. Kundi kubwa huwa na mamia, hata maelfu.

Je, kati ya galaksi na galaksi kuna nini? Kwa macho ni giza tupu.

Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Wamarekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililokuwa baharini, Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ikaitwa Uhuru. Ilitafuta miale ya eksirei itokayo angani, ambayo hewa ya dunia huizuia isitufikie. Ikaonyesha kwamba makundi makubwa ya galaksi hutoa miale hiyo kwa wingi. Hutoka katika gesi yenye joto la mamilioni ya digrii, iliyotanda katikati ya galaksi. Gesi hiyo ina uzito kupita nyota zote za kundi lake! Palipodhaniwa patupu, pamejaa.

Ndugu, wako kati yetu waliohamishwa na mafuriko ya Tana mwaka 1997, na tena 2023 na 2024. Shamba limekwenda na maji, majirani wametawanyika. Mtu hukaa hemani akisema, “Hapa ni patupu, Mungu hanioni.”

Gesi si Mungu, wala setilaiti haimpimi Mungu. Lakini yatufundisha tusiyategemee macho peke yake. Zaburi ya 147, mstari wa 4, yasema kwamba Mungu anaijua hesabu ya nyota. Mstari wa 3, uliotangulia, wasema kwamba huwaponya waliovunjika moyo. Azijuaye nyota ndiye amjuaye mtu wa hemani.

Basi wewe uliye na paa, nenda leo ukamjulie hali aliyepoteza lake.

Tuombe. Ee Bwana, utufumbue macho, tukuone hata gizani. Amina.