Mwalimu Akisafiri, Darasa Libaki Nyumbani?

Wahenga walituambia: tembea uone. Hawakutuambia afanye nini yule asiye na nauli. Kila shule inalijua jambo hili. Nafasi ya safari ni moja, wanafunzi ni arobaini. Mwalimu huenda ng'ambo, hurudi na picha chache, darasa humpigia makofi, na yamekwisha. Je, ndugu msikilizaji, hakuna njia ya kusafiri na darasa zima?

Ipo, na imejaribiwa. Mwaka 2007 ulianza nchini Marekani mpango ulioitwa PolarTREC. Mpango huo uliwapeleka walimu wa shule za kawaida Aktiki na Antaktika, wakafanye kazi na wanasayansi kwa majuma kadhaa. Mwalimu hakwenda kutalii. Alishika vifaa, akapima, akaandika. Kisha alituma shajara na picha kwa njia ya kompyuta, wanafunzi wakasoma na kumpelekea maswali. Ilipowezekana, walizungumza naye moja kwa moja kwa njia ya setilaiti.

Mazungumzo hayo si rahisi kama kumwita jirani. Baadhi ya setilaiti za mawasiliano hukaa juu ya ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini. Sauti ikipanda na kushuka hutumia karibu robo ya sekunde. Swali liende na jibu lirudi, ni nusu ya sekunde. Asiyejua hudhani hakusikiwa, akauliza tena, na wote wawili wakasema kwa pamoja. Kwa hiyo mtoto hufundishwa kwanza kumaliza neno lake na kungoja.

Tena dunia ni mviringo. Kwenye kituo cha McMurdo, huko Antaktika, setilaiti ya ikweta huonekana chini kabisa, karibu na upeo wa macho. Kwenye Ncha ya Kusini yenyewe haionekani hata kidogo. Kwa miaka mingi kituo cha huko kilitegemea setilaiti kuukuu zilizoyumba katika njia zao, zikaonekana kwa saa chache tu kwa siku. Na kuna saa za dunia: mwezi Novemba, darasa la New York likiwa saa saba mchana Jumatatu, McMurdo ni saa moja asubuhi Jumanne, na jua halijatua kwa majuma.

Lakini mitambo si somo. Darasa likikaa kutazama picha za barafu, hiyo ni sinema tu. Somo huanza kabla ya safari. Tuchukue mfano wa sili wa Weddell, mnyama anayeishi kwenye barafu ya bahari karibu na McMurdo. Ni mnyama anayevuta hewa kama sisi. Mwalimu awaulize wanafunzi: barafu imefunika bahari, atapumuaje? Kila mmoja aandike jibu lake. Mwalimu afike huko, aone, awaeleze: sili hulinda tundu lake kwa kuitafuna barafu kwa meno, na anaweza kukaa chini ya maji zaidi ya saa moja. Hapo mtoto atalinganisha alichodhani na kilichoonekana. Aliyekosea atauliza kwa nini, na aliyepatia atataka kujua zaidi. Mwalimu akirudi, vipimo alivyoleta viwe hesabu za darasani.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Safari ya mwalimu hugharimiwa kwa ajili ya watoto. Wasipopata sehemu yao, ni mtu mmoja aliyefaidi. Na sehemu yao si picha, ni swali. Mwalimu aliyebeba maswali arobaini ya wanafunzi wake amesafiri na watu arobaini, hata kama majibu yatarudi kwa barua. Aliyeondoka bila swali lao hata moja, amesafiri peke yake, hata akiwa na setilaiti.

Hadi juma lijalo, kwaherini.