Kisima cha wakfu kwa wapenzi wa redio wa Eastlands

Watu wa pwani wanakijua kisima cha wakfu. Aliyekichimba amekwisha kukitoa, kila apitaye huteka maji, na hakuna mrithi awezaye kukitia kufuli. Sharti la namna hiyo leo linafuatwa katika jambo ambalo wengi hawalidhanii, nalo ni programu za kompyuta. Manufaa yake yanaweza kumfikia hata kijana wa mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Majengo ya Pumwani, ambako wengi wetu tuna jamaa, hadi Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora.

Tunazungumzia redio ya ridhaa. Wanaoishughulikia hurusha na kupokea mawimbi kwa mapenzi yao wenyewe, bila mshahara wala biashara. Kila mwenye leseni hupewa herufi zake za kuitwa hewani. Za Kenya huanza na 5Z4, za Tanzania 5H, na za Oman A4. Marehemu Sultan Qaboos wa Oman alikuwa mmoja wao, akiitwa A41AA. Marehemu Mfalme Hussein wa Jordan naye alikuwa JY1.

Ndiyo sababu wengine husema huu ni mchezo wa wafalme. Mitambo mipya ya kurusha huagizwa ng'ambo kwa bei kubwa, na juu yake kuna nauli na ushuru. Je, kijana apangaye chumba kimoja Kayole ataipata wapi?

SHARTI LA PROGRAMU HURIA

Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alianza kuandika programu ya kuendeshea kompyuta iliyokuja kuitwa Linux. Mwaka uliofuata aliitoa chini ya leseni iliyokuwa imetungwa na Mmarekani Richard Stallman. Leseni hiyo inasema hivi: yeyote na aitumie programu, aifungue aone ilivyoandikwa, aibadili na kuwagawia wengine. Nakala yaweza hata kuuzwa. Lakini anayeigawa, hata kama ameibadili, sharti awape wapokeaji maandishi yake pamoja na haki zile zile alizopewa yeye. Basi, msomaji mpenzi, huo si mfano wa kisima chetu?

Faida ya kwanza ni kwamba Linux huenda vizuri hata katika kompyuta ya mtumba ambayo ofisi imekwisha kuitupa. Ya pili ilionekana mwaka 2012. Mafundi wa programu za Linux waligundua kwamba kidude kidogo cha kupokelea televisheni, kinachochomekwa kwenye kompyuta, kinaweza kugeuzwa redio ya kunasa mawimbi ya namna nyingi. Kazi iliyohitaji masanduku ya vyombo sasa inafanywa na programu. Kwa kidude hicho na kipande cha waya, mtu aweza kuwasikia wanaanga wa kituo cha kimataifa kinapopita juu ya Nairobi, katika megahezi 145.800, siku wanapozungumza na wanafunzi wa shule.

KELELE ZA MTAANI

Walakini Eastlands si shamba la wazi. Nyaya za umeme zimesongamana, chaja za bei rahisi hutoa kelele hewani, na mashine za kuchomea vyuma hufanya kazi kutwa. Tena paa la ghorofa ni la mwenye nyumba, na mpangaji hawezi kusimamisha mlingoti bila ruhusa.

Hapa pia kisima kimesaidia. Joseph Taylor, mwanasayansi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1993, ni mpenzi wa redio ya ridhaa. Yeye na wenzake wameandika programu iitwayo WSJT-X, iliyo huria kama Linux. Mtindo wake wa FT8, uliotolewa mwaka 2017, hutuma maneno machache kwa zamu za sekunde 15. Kompyuta huyatambua hata yakifunikwa na kelele kiasi cha sikio kutosikia kitu. Kwa wati chache na waya uliofungwa dirishani, mtu aweza kuvuka bahari.

Iko na njia ya Ghuba. Novemba 2018 Qatar ilirusha setilaiti ya Es'hail-2, ambayo ndani yake mna chombo cha wapenzi wa redio kiitwacho QO-100. Kinafikia Afrika, Uarabuni na Ulaya usiku na mchana. Kutoka Nairobi kiko karibu na utosi, kimeinama kidogo upande wa magharibi. Kukisikiliza kunahitaji dishi la kawaida la televisheni, kile kidude, na kompyuta yenye programu huria.

SHERIA NA LUGHA

Kusikiliza si kurusha. Anayetaka kurusha sharti apate leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na kurusha bila leseni ni kosa. Kadhalika, anayenasa mazungumzo yasiyomhusu asiyatangaze.

Huenda msomaji akauliza: tuna simu, haya ya nini? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini. Zote hufika nchi kavu Mombasa, na intaneti ilidorora Kenya na nchi jirani. Mawimbi ya redio hayahitaji waya chini ya bahari. Lakini ujuzi wake haupatikani siku ya shida. Hujengwa siku za raha.

Kikwazo kikubwa kilichobaki ni lugha. Vitabu vingi vya maelezo ni vya Kiingereza. Hata hivyo leseni yenyewe inaruhusu programu hizo zitafsiriwe, wala hapana wa kuombwa idhini. Fundi wa Pumwani na mwalimu wa Mombasa wakikaa pamoja, mmoja akijua mitambo na mwingine akijua Kiswahili, wataweza kuwafungulia wengine mlango. Anayeteka maji kisimani humwachia mwenzake ndoo na kamba.