Tangi na Pampu Zisemezane Bila Waya



Vikundi vingi vya maji vina shida moja: tangi liko juu mlimani, pampu iko chini kisimani. Tangi likijaa hakuna anayejua. Maji yanamwagika, na bili ya stima inakuja vilevile.

Siku hizi fundi anaweza kuweka maikrokontrola mbili, yaani vikompyuta vidogo vya chipu moja. Moja inapima maji tangini, nyingine inawasha na kuzima pampu. Waya mrefu hukatwa na jembe, kwa hiyo tunatumia redio ndogo ziitwazo moduli. Kabla hamjatoa pesa za kikundi, tujiulize maswali manne.

1. Ni umbali gani, na katikati kuna nini? Moduli ya Bluetooth kama HC-05 hufika kama mita 10 tu. Hiyo ni ya ndani ya nyumba. Ile ya nRF24L01+, ya gigahezi 2.4, hufika makumi ya mita mahali wazi, lakini kuta na majani mabichi huipunguzia nguvu. LoRa hufika kilomita kadhaa kama hakuna kizuizi. Husema polepole, lakini "tangi limejaa" ni neno fupi, basi haidhuru.

2. Je, inajibiwa? Zile za bei ya chini kabisa za megahezi 433 huuzwa mbili mbili: moja husema, nyingine husikiliza tu. Ni kama kuita mtu ng'ambo ya bonde bila kujua kama amesikia. nRF24L01+ hungoja jibu, na isipolipata hurudia yenyewe.

3. Inataka volti ngapi? nRF24L01+ inataka volti 1.9 hadi 3.6. Arduino Uno hufanya kazi kwa volti 5, na ukiiunganisha redio hii kwa volti 5 itaungua. Tumieni tundu la 3.3, na fundi aweke kapasita ya maikrofaradi 10 karibu na redio ili umeme usiyumbe. LoRa nayo isirushe habari kabla ya kufungwa antena, isije ikaharibika.

4. Ikinyamaza je? Hili ndilo kubwa. Tangi liseme kila nusu dakika, hata kama hakuna jipya. Pampu isiposikia kitu kwa dakika mbili, ijizime yenyewe. Betri ikiisha huko juu, heri tangi nusu kuliko maji kumwagika usiku kucha.

Mwisho, msinunue nyingi. Nunueni mbili kwanza. Mmoja abaki kisimani, mwingine apande na ya pili mpaka tangini, ikiwa ndani ya kisanduku chake. Zikisikilizana vizuri pale pale zitakapokaa, na mahindi yakiwa yamerefuka, hapo mweka hazina afungue mkoba.