Lami ya Jiji, Fungu la Hazina

Kila lita ya petroli inayouzwa Tanzania Bara imebeba tozo ya barabara. Mwenye daladala, mwenye bodaboda na mwenye gari la nyumbani wote wamekwishalipa kabla hata ya kuikuta foleni. Ndiyo maana aliyekwama saa nzima kwenye daraja jembamba ana haki ya kuuliza fedha zake zimekwenda wapi.

Jibu limo kwenye sheria ya Mfuko wa Barabara, unaopokea tozo hiyo. Angalau asilimia 90 ya mapato ya Mfuko hutengwa kwa matengenezo, na kazi za maendeleo hazipati zaidi ya asilimia 10. Kuziba mashimo, kuzibua mitaro na kuweka tabaka jipya la lami ni matengenezo. Kuitoa barabara kwenye njia mbili iwe na nne, au kubomoa daraja la zamani na kujenga pana, ni maendeleo. Binafsi naona sheria hiyo ilitungwa kwa busara, maana bila kizuizi cha namna hiyo fedha zote zingeishia kwenye miradi ya kukata utepe na barabara zilizopo zingekufa. Ila kwa jiji linalokua kama Dar es Salaam, maana yake ni moja: upanuzi unatafutiwa fedha kwingine.

Na anayezitafuta si rahisi kumtambua. Diwani ndiye anayelalamikiwa na wananchi, lakini halmashauri haimiliki barabara kuu. Barabara kuu na za mikoa, takriban kilomita 36,000, ziko chini ya wakala wa barabara, TANROADS. Za mitaa na za wilaya, zaidi ya kilomita 144,000, ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 na kuchukua kazi hiyo kutoka halmashauri. Katika mgawanyo uliozoeleka wa Mfuko, TANROADS hupata asilimia 70 na TARURA 30, ingawa mtandao wa TARURA ni mkubwa karibu mara nne. Serikali iliona upungufu huo, ndiyo maana bajeti ya 2021/22 iliongeza Sh100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA.

Maombi ya jiji huanzia kwenye kikao cha Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambako wabunge, wenyeviti wa halmashauri na mameneja wa TANROADS na TARURA hukaa meza moja. Hapo kila mtu ana barabara yake. Mvutano huo ukifika Dodoma, njia rahisi ya kuumaliza ni kugawa sawa kwa sawa, kama ilivyofanyika mwaka 2021 kila jimbo lilipopewa Sh500 milioni. Kijijini fedha hizo zinafungua barabara iliyokuwa haipitiki. Mjini haziwezi hata kujenga nguzo za daraja moja la maana.

Inabaki milango mitatu ya fedha, na Dar es Salaam imebisha hodi kwenye yote.

Wa kwanza ni Hazina yenyewe. Upanuzi wa Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2 za njia nane, ulijengwa kwa fedha za ndani, na mkandarasi alikuwa wa hapa nchini, Estim Construction. Mkataba ulikuwa wa takriban Sh140 bilioni na ulijumuisha madaraja ya Kibamba, Kiluvya na Mpiji, kwa kuwa njia nane zinazoishia kwenye daraja la njia mbili zinahamisha foleni tu. Faida ya fedha za ndani ni kwamba hakuna mfadhili wa kusubiriwa. Hasara yake ni kwamba mradi unategemea makusanyo ya kila mwezi na utashi wa aliye madarakani.

Mlango wa pili ni ruzuku ya nje. Daraja la juu la Mfugale pale TAZARA, lililofunguliwa Septemba 2018, lilijengwa kwa msaada wa Japan kupitia shirika lake la JICA, na upanuzi wa Barabara ya Gerezani pamoja na daraja lake ulipitia mlango huohuo. Ruzuku hairudishwi, lakini mkandarasi mkuu hutoka kwa mfadhili, na kasi ya maamuzi hupangwa kwake. Mkandarasi mzalendo huambulia kandarasi ndogo: kokoto, usafirishaji, vibarua.

Wa tatu ni mkopo wa masharti nafuu. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 300 kwa mradi wa DMDP uliojenga barabara na mitaro katika manispaa za Dar es Salaam. Serikali Kuu ndiyo iliyokopa. Manispaa zilipokea lami. Kwa mkazi wa Temeke ile ni ruzuku, kwa mlipakodi wa Kigoma ni deni. Jambo hilo husemwa kwa nadra kwenye mjadala wa barabara za jiji, na nadhani lingesemwa waziwazi, madiwani wa mjini wangebanwa zaidi kueleza mapato ya halmashauri zao yanafanya nini.

Jangwani ndipo yote haya yanapokutana. Barabara ya Morogoro hufungwa pale kila Mto Msimbazi unapofurika, mabasi ya mwendokasi yanasimama, na karakana yake yenyewe ilijengwa bondeni na maji yakaingia. Suluhisho ni daraja refu la kuinua barabara, karibu mita 390. Barabara ni ya TANROADS, ilhali mpango wa bonde zima umeandaliwa chini ya wizara ya serikali za mitaa, TAMISEMI, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, dola milioni 200, ulioidhinishwa mwaka 2022. Ombi lililopata fedha halikuwa la daraja peke yake. Lilifungwa pamoja na mafuriko, makazi na mto, kwani fedha za mabadiliko ya tabianchi zinapatikana leo kwa urahisi kuliko fedha za foleni. Waandaaji wa maombi wameng'amua hilo.

Hata hivyo ombi zuri huanguka kwenye ardhi. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande. Tangu hapo ukutani kuna X nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, asiyelipwa, na X ya kijani kwa aliyekutwa na nyongeza ya mita 7.5, anayestahili fidia. Kimara palikuwa na hesabu nyingine kabisa: mita 121.5 kila upande, na nyumba zilizobomolewa mwaka 2017 hazikufidiwa. Kwa mradi ilikuwa nafuu kubwa. Kwa wenye nyumba, gharama ya upanuzi ilitoka mifukoni mwao bila kuandikwa kwenye mkataba wowote.

Penye X ya kijani fidia inapaswa kulipwa mapema, na ikichelewa zaidi ya miezi sita inadai riba. Ongeza kuhamisha mabomba ya maji ya DAWASA na nguzo za umeme za TANESCO, kazi ambayo makadirio mengi huipunja, na mkandarasi anajikuta ameleta mitambo mahali asipoweza kuchimba. Dhamana ya benki inamla, mafundi wanadai, hati ya malipo iko mezani kwa mtu. Kampuni kubwa ya kigeni inaweza kuvumilia hali hiyo kwa mwaka mzima. Ya ndani mara nyingi haiwezi, na sera ya kuwatengea wazawa kandarasi haitawasaidia sana iwapo hati zilizoidhinishwa zitaendelea kukaa miezi bila kulipwa.