Silaha uvunguni, mgonjwa kitandani

JIONI ya Julai 30, 2020, askari mmoja wa jeshi la Kongo aliyekuwa amelewa aliwafyatulia risasi raia katika mji mdogo wa Sange. Watu wasiopungua 12 walikufa. Wafanyabiashara wa Bujumbura wanaopitia Uvira kwenda Bukavu wanaijua Sange vizuri, maana ni hapo hapo ambapo Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka, likalipuka na kuua zaidi ya watu 200. Habari ya lori bado inasimuliwa kwa kirefu. Habari ya askari watu huimaliza kwa neno moja: pombe.

Mimi sikubaliani nao. Mlevi asiye na bunduki hutukana watu, huanguka mtaroni, na kesho yake huzunguka kwa majirani kuomba radhi. Swali lililopaswa kuulizwa ni kwamba bunduki ya serikali ilikuwa inatafuta nini mikononi mwa mtu anayekunywa.

Tusidhani mambo haya ni ya Kongo tu. Novemba 2010, huko Siakago nchini Kenya, polisi mmoja aliua watu 10 usiku mmoja, wakiwemo polisi wenzake wawili. Ilielezwa wakati ule kwamba alikuwa akimsaka mpenzi wake kwenye baa. Julai 2023, katika kijiji cha Nyakova mkoani Ituri, askari wa majini aliua watu wasiopungua 13, watoto wakiwemo. Jeshi lilieleza kuwa alikasirika kukuta mtoto wake amekwisha kuzikwa bila yeye kungojewa. Pombe, wivu, msiba. Ni mambo yanayoingia katika kila nyumba.

Sisi wa Bujumbura tukisikia watu wengi wameuawa kwa mpigo, akili inakimbilia Gatumba: Agosti 13, 2004, walipouawa zaidi ya wakimbizi 150 wa Kikongo, na Septemba 18, 2011, walipouawa zaidi ya watu 30 ndani ya baa. Yale yalikuwa mashambulio ya makundi yenye silaha, na dawa yake iko kwa wakubwa. Ninayoyazungumzia leo ni ya mtu mmoja aliyechafukwa na roho na silaha iliyo karibu naye. Hapo hata mke, kaka au jirani anaweza kufanya jambo, mradi alifanye mapema.

Naishi Gihosha. Ukitazama kutoka barabarani utaona mageti ya chuma na walinzi, ukaamini kwamba ni mtaa wa watu waliotulia. Ukiteremka kuelekea mto Nyabagere unakuta vyumba vya kupanga, maafisa wadogo, wapiganaji wa zamani, wachuuzi, na waliorejea kutoka kambi za Nduta na Nyarugusu tangu safari za kurudi zilipoanza upya mwaka 2017. Karibu kila mtu hapa amepita mahali fulani ambapo bunduki ndiyo ilikuwa inasema.

Utafiti wa taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva, uliochapishwa mwaka 2007, ulikadiria kwamba kaya kama 100,000 za Burundi zilikuwa na silaha. Ilikuja sheria ya silaha ndogo ya Agosti 28, 2009, na raia wakapewa hadi Oktoba 28 mwaka ule kusalimisha walivyonavyo bila kushitakiwa. Vingi vilitolewa, vingine vilibaki. Kisha ukaja mwaka 2015, milio ya maguruneti ikarudi usiku, na waliokuwa wameanza kusahau walikumbuka walipofukia.

Na anayekimbia hafukui alichofukia, anakiacha. Anayekikuta ni yule anayerudi.

Dada mmoja aliyerejea kutoka Nduta alichimba nyuma ya jiko la marehemu baba mkwe wake ili aweke choo. Alikuta guruneti limefungwa kwenye kipande cha kitenge. Aliliweka ndani ya ndoo juu ya kabati, likakaa humo wiki mbili, watoto watatu wakilala chini yake.

Nilimuuliza kwa nini hakwenda kwa mkuu wa mtaa.

"Kaka, mimi ndiyo kwanza nimerudi. Nikisema hiki kitu si changu, nani ataniamini?"

Hofu yake naielewa, na wenye mamlaka wanapaswa kuielewa vile vile. Mtu aliyerudi ana kesi ya kiwanja na karatasi hazijakamilika. Akiona kutoa taarifa kunaweza kumrudisha alikotoka, atanyamaza. Yeye hatimaye alimtuma mzee wa kanisa, polisi wakaja, wakalichukua, na hakuulizwa zaidi ya jina lake. Jirani yangu, askari mstaafu, aliposikia habari ya ile ndoo alishika kichwa. "Mwanangu," aliniambia, "guruneti kuukuu ni baya kuliko jipya, maana hulijui linawaza nini."

Kwa hiyo guruneti halina namna ya kutunzwa nyumbani. Ukiliona usiliguse, usilihamishe, usilimwagie maji. Weka alama pembeni, waondoe watoto, kisha ita mkuu wa mtaa au polisi. Ukiogopa kwenda peke yako, nenda na mtu anayeheshimika, kama alivyofanya dada yule.

Bunduki ina habari yake. Wapo wanaomiliki kihalali na wapo wanaopewa kwa kazi. Nimesikia inakolazwa: uvunguni, darini, ndani ya gunia la mchele, chini ya mto. Kila mwenye nyumba husema kwa fahari kwamba watoto hawajui. Watoto wanajua sukari ilipofichwa, sembuse bunduki! Kuficha si kutunza. Kutunza ni kutoa risasi zote na kuhakikisha kwa macho kwamba hakuna iliyobaki ndani, kuifunga bunduki kwenye sanduku la chuma lililokazwa ukutani, kuziweka risasi mahali pengine penye kufuli lake, na ufunguo kukaa na mtu mmoja.

Wafanyabiashara wa mpakani huniambia kwamba bastola iliyofungiwa haina faida, maana mwizi hangoji ufungue kufuli. Mmoja anayeuza vitenge soko la Siyoni, ambaye ameibiwa njiani mara mbili, alitaka sana kununua bastola bila kibali. Sikumwambia kwamba hofu yake ni ya bure. Nilimuuliza tu mwizi anafuata nini kwake, akasema noti. Siku hizi malipo yake makubwa anayatuma kwa simu na anasafiri na nauli. Bastola hakununua. Pengine ataibiwa tena, lakini mwizi hatapata silaha ya kumwongezea nguvu, na nyumbani kwake kuna vijana wawili wenye hasira za ujana.

Kuhusu vijana, wengi wenu mna ndugu waliochukuliwa kutoka kambi za Tanzania kwenda Marekani kuanzia mwaka 2007. Waulizeni habari za Oxford, jimbo la Michigan. Novemba 2021 baba mmoja alimnunulia mwanawe wa miaka 15 bastola. Siku nne baadaye, asubuhi, walimu waliwaita wazazi kuwaonyesha mchoro wa bunduki na maneno ya kuomba msaada aliyoyaandika mtoto. Wazazi hawakumpeleka nyumbani wala kusema kuwa ana bastola. Mchana ule aliua wanafunzi wanne. Mwaka 2024 baba na mama walihukumiwa kila mmoja kifungo cha miaka 10 hadi 15. Dalili zilikuwa mezani, na silaha haikuwa imefungiwa.

Hapa lazima niseme jambo ambalo mitaani kwetu linapindishwa. Wagonjwa wa akili walio wengi hawamdhuru mtu yeyote, na mwenye silaha akizidiwa, mara nyingi anayekufa ni yeye mwenyewe. Ihahamuka, kama tunavyoiita kwa Kirundi, si ukichaa wa kuokota makopo. Ni mtu anayeruka mlango ukigongwa, asiyelala, anayeona usiku mambo ya miaka 20 iliyopita. Huyo anahitaji tiba. Wa kuogopewa ni saa chache au siku chache ambazo maumivu yanafika kileleni: amefiwa, ameachwa, amefukuzwa kazi, anakunywa kila siku, anataja majina ya wa kuwalipiza, anagawa vitu vyake, anaaga. Saa hizo hupita. Kinachotakiwa ni silaha isiwepo zinapopita.

Ushahidi upo. Mwaka 2006 jeshi la Israel, lililokuwa na vijana wengi wanaojiua wikendi wakiwa nyumbani, liliamua kwamba askari akienda mapumziko aiache bunduki kambini. Watu waliojiua walipungua kwa kama asilimia 40. Hawakuponywa wote, ila bunduki ilikuwa mbali saa ile ilipofika.

Nimeyaandika haya nikimfikiria mke wa askari mmoja, mteja mwenzangu kwenye duka la mkaa. Mumewe alirudi kutoka kazi ya mbali amebadilika. Alikuwa analala ameketi, na bunduki mapajani. Usiku mmoja alimwita mkewe kwa jina la mtu aliyekufa.

"Nikisema kwa wakubwa wake watamfukuza, tutakula nini?" aliniuliza. "Nisiposema, kaka, nalala na watoto jikoni."

Swali lile ndilo zito kuliko yote niliyosikia mwaka huu. Tunamtaka mke achague kati ya mshahara na uhai, kisha tunashangaa kwamba ananyamaza. Kama makamanda wanataka kusikia mapema, itamkwe wazi, kwenye karatasi inayosomwa gwaride zima likisikia, kwamba askari anayerudisha bunduki ghalani kwa sababu ya afya hapotezi cheo wala posho, na kwamba mke anayeleta habari hatajwi. Hilo halihitaji wafadhili.

Hospitali ya magonjwa ya akili tunayo jirani, pale Kamenge, inayoendeshwa na Mabruda wa Upendo, na ina matawi Gitega na Ngozi. Watu wa Gihosha hupita karibu nayo kila siku na kugeuza uso, kana kwamba kuitazama ni kuambukizwa. Wapo waliorejea ambao kambini walizoea kukaa na washauri, lakini walipofika nyumbani wakaacha, kwa kuogopa kuitwa vichaa na mashemeji. Ndugu zangu, dawa ya usingizi aliyokupa daktari haina aibu kuliko dawa ya malaria.

Mama yule hakwenda kwa kamanda. Alikwenda kwa kaka mkubwa wa mumewe, mtu ambaye mume hawezi kumpandishia sauti. Shemeji alifika Jumapili, hakutaja ugonjwa wala hospitali. Alisema tu, "Mdogo wangu, umechoka. Bunduki tuirudishe ghalani, uipumzishe nawe upumzike." Wakaenda pamoja kuikabidhi, na Jumatatu wakaenda Kamenge. Sasa ni mwezi wa nne. Amepewa kazi ya kuandika majina getini, dawa anameza jioni baada ya kula, na watoto wamehama jikoni. Bunduki, mpaka naandika haya, hajaomba arudishiwe.