Vigari vya kasi vya zamani: je, vinastahili bei zinazotajwa?

Kuna aina ya magari madogo ambayo miaka ishirini na mitano iliyopita yalikuwa yakiuzwa huko Uingereza kwa bei ya kutupa, nayo leo yanatajiwa bei zinazotosha kununua gari jipya la familia. Ni hachibaki za kasi: gari dogo la kawaida, ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka pamoja na kioo, lililotiwa injini yenye nguvu na breki bora kuliko za ndugu zake. Yanazeeka, yanakula kutu, spea zake ni za kutafuta kwa taa. Walakini bei hupanda.

Swali la kuwa yanastahili bei hizo au la haliwahusu matajiri peke yao. Huulizwa katika nyumba ya baba kijana wa Leicester au Birmingham aliyeweka akiba kidogo, na kwa sura nyingine huulizwa Nairobi na Dar es Salaam, pale kijana aliyeanza kupata mshahara anapowaambia wazazi wake kwamba hataki gari lolote isipokuwa Golf GTI. Maadamu fedha inayotajwa aghalabu ndiyo akiba yote ya nyumba, jambo hili linastahili kupimwa kwa utulivu.

Yalikotoka

Volkswagen iliionyesha Golf GTI katika maonyesho ya magari ya Frankfurt mwezi Septemba 1975, na mwaka uliofuata ikaanza kuiuza. Injini yake ilikuwa ya lita 1.6, yenye nguvu za farasi 110, katika gari lenye uzito uliozidi kidogo kilo 800. Kiwanda kilikusudia kutengeneza magari 5,000 tu. Ya kizazi cha kwanza peke yake yakaja kupita 450,000. Mwaka 1984 Peugeot ikaleta 205 GTI, ambayo wajuzi wengi mpaka leo wanaihesabu kuwa miongoni mwa magari matamu zaidi kuendesha.

Siri ya mafanikio hayo ilikuwa nyepesi kueleweka. Gari lile lile lililompeleka baba kazini, mama sokoni na watoto shuleni, siku ya mapumziko liliweza kumfurahisha dereva katika barabara ya kona nyingi. Hapakuwa na haja ya magari mawili. Kwa hiyo sifa yake ya asili ilikuwa ni unafuu. Na hapo ndipo ulipo utata wa leo, kwani kitu kilichopendwa kwa kuwa nafuu sasa kinauzwa kwa kuwa ghali.

Kwa nini bei imepanda

Sababu ya kwanza ni uchache. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, vijana wa Uingereza walikuwa wakiiba magari haya ili kushindana mbio mitaani, hata Bunge likatunga sheria mahsusi mwaka 1992 ya kuwaadhibu wanaochukua gari la mtu na kusababisha madhara. Makampuni ya bima yakapandisha ada, wanunuzi wakakimbia, thamani ikaanguka. Magari yakaingia mikononi mwa watu wasioweza kuyatunza. Mengi yakaishia ukutani, mengine yakaliwa na kutu. Yaliyobaki mazima ni machache.

Sababu ya pili ni kumbukumbu. Mvulana aliyebandika picha ya gari hilo ukutani mwaka 1986 leo ana miaka hamsini na kitu, watoto wake wamekua, na mfukoni ana fedha. Anayonunua kwa kweli ni ile miaka yake ya ujana.

Sababu ya tatu ni sheria. Nchini Uingereza, gari likifikisha miaka 40 laweza kusamehewa kodi ya barabara, na kwa kawaida halilazimiki tena kupelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Mjini London, gari la petroli lisilotimiza kiwango cha moshi hutozwa pauni 12.50 kwa siku, lakini hilo la miaka 40 husamehewa. Nako Marekani, gari la kigeni ambalo halikutengenezwa kwa vigezo vya usalama vya huko huruhusiwa kuingia likitimiza miaka 25. Ndiyo maana Honda Civic Type R ya kwanza, iliyouzwa Japani kuanzia 1997, ilipata soko jipya mwaka 2022. Wanunuzi wakiongezeka ilhali magari hayaongezeki, matokeo yake hayahitaji kuelezwa.

Hata hivyo, uchache si jambo la kuamini kwa macho yaliyofungwa. Mwaka 1993 Renault ilitoa Clio Williams, ikiwa na kibao chenye namba ya kila gari, na wanunuzi wakaelewa kuwa ni toleo la wachache. Mauzo yalipokuwa mazuri, kampuni ikatoa toleo la pili, kisha la tatu, nao waliotangulia kununua wakanung'unika. Kadhalika bei za kushangaza za mnadani huwa na mambo yake. Ford Escort RS Turbo nyeusi iliyokuwa ikitumiwa na Diana, binti mfalme wa Wales, iliuzwa mwaka 2022 kwa zaidi ya pauni 650,000. Bei hiyo ilikuwa ya jina la aliyeliendesha. Escort ya jirani yako haikupanda kwa sababu hiyo.

Bei inayotajwa na bei inayolipwa

Ndugu msomaji, tangazo la mauzo ni matamanio ya muuzaji. Gari lililotangazwa kwa pauni 20,000 na kukaa miezi minane bila mteja linatufundisha kuwa halistahili pauni 20,000. Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwenye kutaka kujua thamani na atazame bei zilizofungwa minadani, na alinganishe magari ya hali moja. Kwani lililotunzwa na lililopakwa rangi juu ya kutu hutangazwa kwa maneno yale yale.

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Mtu amenunua gari kwa pauni 15,000, akakusudia kulihifadhi miaka mitano kisha auze kwa faida. Tukisema bima, mahali pa kulilaza na matengenezo humgharimu pauni 1,500 kwa mwaka, basi katika miaka mitano ametoa 7,500 zaidi. Ili asipate hasara wala faida, lazima apate mteja wa pauni 22,500. Yaani bei ipande kwa nusu nzima. Na hapo hatujahesabu thamani ya fedha inayoliwa na mfumuko wa bei. Anayeita gari la aina hii kuwa ni akiba, hesabu yake ameiacha katikati.

Na matengenezo hayo si ya kubahatisha. Golf ya kwanza huoza kwenye mdomo wa kujazia mafuta, kutu ikashukia tangini; na zile za usukani wa kulia zilijulikana kwa breki dhaifu. Peugeot 205 huchoka beringi za ekseli ya nyuma, na mkanda wa taimingi ukikatika huiharibu injini. Ukiona vyaelea, vimeundwa: gari la zamani linalong'aa, yuko aliyelitolea fedha, naye ama ni muuzaji aliyetangulia, au utakuwa ni wewe.

Watoto watakaa wapi?

Kwa kuwa gari ni la nyumba, tuwatazame na waliomo nyuma. Peugeot 205 GTI ilitengenezwa kwa milango mitatu tu, ule wa nyuma ukiwemo. Mtoto huingia kwa kupinda kiti cha mbele. Golf ya mwaka 1976 haina mifuko ya hewa, haina breki za kuzuia tairi kujifunga, wala haina vishikizo maalumu vya kufungia kiti cha mtoto. Wepesi ule ule unaompa dereva raha ndio unaowaacha abiria bila kinga ya kutosha pakitokea ajali. Na kwa upande wa kasi yenyewe, magari mengi ya kawaida ya umeme ya siku hizi huondoka kwa haraka kuliko mabingwa hawa wa jana. Gari kama hili laweza kuwa la pili nyumbani. Kuwa la pekee, lenye kubeba watoto kila asubuhi, hapana.

Na kwetu je?

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, kwa hiyo wazee wa mwaka 1984 hawafiki Mombasa kwa njia ya kawaida. Tunayoyaona barabarani ni Golf GTI za kizazi cha tano, kilichoanza 2004, na kile kilichokifuata, zilizoletwa kutoka Japani na Uingereza. Hizo nazo sasa zimezeeka. Kizazi cha tano kina injini ya lita 2.0 yenye turbo, na pampu yake ya mafuta huendeshwa kupitia kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho kikilika bila kubadilishwa, huharibu na shafti iliyo karibu nacho. Giaboksi yake ya klachi mbili hutaka oili maalumu ibadilishwe kila baada ya kilomita 60,000 hivi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Gari hili lisilo na daftari la matengenezo, hata liwe rahisi, ni ghali.

Hukumu

Kwa mizani hii, nyingi katika bei zinazotajwa leo hazistahili. Zinazostahili ni za magari machache: yenye bodi isiyo na kutu, kumbukumbu kamili, sehemu za asili, na muuzaji anayetaja aibu za bidhaa yake kabla ya kuulizwa. Na hata hayo yanamstahili mtu wa namna moja tu, yaani anayependa kuyaendesha, mwenye fundi anayemwamini au mikono yake mwenyewe, na mwenye fedha ambayo ikipotea yote, ada ya shule na kodi ya nyumba hazitaguswa.

Mzazi aliyejiwa na kijana wake kwa shauri hili asimkaripie. Amwombe alete karatasi tatu: daftari la matengenezo ya gari lenyewe, makisio ya bima, na hesabu ya fundi asiyejuana na muuzaji. Ajumlishe zote, kisha aandike chini yake mshahara wa mwezi mmoja. Kijana akiziona namba hizo kwa mwandiko wake mwenyewe, huenda asihitaji kukatazwa na mtu.